Chumba cha Akiba

Matroni wa shule ya bweni ya wasichana alikuwa na jina zuri tu alilopewa na wazazi wake, lakini tangu wanafunzi wambandike la Kengele, lile la kwanza lilibaki kwenye kitambulisho. Mwenyewe hakulichukia. Kuna watu ukiwaita Kengele watakununia mwaka mzima. Yeye alilivaa kama cheo. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshapita bweni zima akigonga vitanda vya chuma kwa funguo zake, na ole wake msichana atakayejifunika shuka tena. "Umelala kwa baba yako hapa?" Na wala hakuwa anatania.

Ubaya wa kazi hiyo ni kwamba ilimwingia mwilini. Akirudi kwao likizo, alimwamsha mama yake. Akamwamsha mdogo wake wa kiume, fundi wa majokofu, ambaye alikuwa amejitafutia kazi isiyoanza mapema makusudi. Akamwamsha mke wa mdogo wake, msusi, mwanamke aliyeolewa na fundi, si na shule. Akawaamsha na watoto wao. Angekuwepo paka, naye angejua saa.

Sasa mpe mtu kama huyo safari ya pwani aipange.

Kila mwaka shule zikifungwa, familia hiyo ilikwenda kupumzika kwenye mji mdogo wa ufukweni, na mpangaji alikuwa Kengele. Hakuchaguliwa na mtu. Alianza mwaka ule baba yao alipofariki, mama akawa anashinda anatazama ukuta, ndipo Kengele akasema, "Huyu tumpeleke akaone maji." Wakaenda, mama akacheka mara moja, ikawa desturi.

Na tumpe haki yake: kupanga alijua. Alijua chumba cha kuomba ni kile cha upande wa upepo, si kile kinachopigwa na jua la jioni, ambacho ukuta wake hutunza joto kama jiko la mkaa. Alijua ukatae chumba cha juu ya jikoni na chumba cha jirani na jenereta, hata wakikuapia kwamba halipigi kelele. Alipiga simu mapema kuuliza maji yanajaa saa ngapi wiki ile, maana wako watu wanasafiri kutwa nzima, wanafika na taulo begani, wanakuta bahari imekwenda zake na wao wamebaki kutazamana na kaa. Alibeba vyandarua vyake na kamba zake za kufungia, kwa sababu vyandarua vya wageni siku zote vina tundu, na tundu siku zote liko penye sikio. Alibeba malapa ya kila mtu ya kuingilia majini, kwa ajili ya miiba ya chini. Garini anayetapika alikaa mbele, anayesinzia alikaa kati, na mayai ya kuchemsha alikuwa nayo yeye.

Juu ya yote hayo ilikuwepo sheria yake kubwa, sheria ya chumba cha akiba. Usiweke nafasi mahali pamoja, alisema. Weka pale unapopataka, halafu weka na pengine, kimyakimya, usimwambie mtu. Pa kwanza pakiharibika, unahama kama hujasikia kitu. Watoto wa fundi waliijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma.

Lakini mkishafika, lo! Hapo ndipo watu walipotamani kurudi nyumbani. Waliamshwa giza bado limetanda wakaoge baharini kabla jua halijapanda. Jua likipanda, kila mtu ndani. Wakijilaza mchana, wanaamshwa wasije wakakosa usingizi usiku. Mama asikae mchangani, mchanga una unyevu, utampa maumivu ya viungo. Akae kwenye kiti. Na mama avae kofia. Kofia yenyewe ya ukindu, pana kama ungo, Kengele ndiye aliyeinunua, na tangu siku hiyo hakuna picha ya pwani inayoonyesha uso wa mama. Ni kofia na kidevu.

Mwaka huu fundi alimpigia simu dada yake mapema, kabla hajapigiwa yeye.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nimeshauliza maji. Likizo hii wiki ya pili ndiyo nzuri, alfajiri yatakuwa yamejaa mpaka mlangoni."

"Ndilo lililonifanya nipige, Dada. Mwaka huu haitawezekana. Mambo yamebana."

"Yamebana wapi?"

"Yamebana tu. Tupumzike mwaka mmoja, Mungu akipenda mwakani."

Kengele alisema sawa. Alikata simu akakaa ameishika. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya. Huyu ni mtu aliyeshinda mwaka mzima katikati ya mashuka ya watu na chawa wa watu. Mume hakuwa naye. Aliyekuwepo alikwenda kutafuta mwanamke anayelala. Mtoto hakujaliwa. Wiki ile moja ndiyo aliyokula meza moja na watu wa damu yake, na wakamhitaji, hata kama ni kwa mayai ya kuchemsha. Bila hiyo, yeye kwao angekuwa nani? Shangazi wa kwenye simu. Akajikaza, akajitolea kubaki shuleni likizo hiyo na wasichana wa darasa la mtihani.

Jumatano mchana alikuwa stoo anageuza magodoro, simu ikaita. Alikuwa mwenye nyumba ya wageni wa kule pwani, mwanamke wa maneno mengi na mradi mmoja. Huyu alikuwa na tabia yake. Mwaka mmoja aliyempigia alikuwa fundi, akakosea wiki, wakafika wakakuta watu wengine wamejilaza vitandani mwao. Tangu siku hiyo, hata apige nani wa ukoo ule, mwenye nyumba haandiki kitu mpaka asikie sauti ya Kengele.

"Kengele wangu! Umeninunia nini mpaka ukanitumia mdogo wako?"

"Mdogo wangu? Kafanya nini?"

"Si kaweka vyumba! Vile vile vyenu vya upande wa upepo, mnaingia Ijumaa hii. Mimi nikamwambia nimesikia, lakini wewe unanijua. Halafu nina watu wa harusi hapa wamenikalia kooni, wanataka nyumba nzima. Nikawaambia tulieni kwanza, nimuulize mwenyewe."

Kengele alikaa juu ya rundo la magodoro.

"Alisema wanakuja akina nani?"

"Yeye, mama watoto, watoto, na mama yenu."

"Na mimi?"

"Wewe alisema una kazi." Mwenye nyumba akapunguza sauti. "Au kuna jambo, shoga yangu?"

Jambo! Damu ilimpanda Kengele mpaka masikioni. Yaani yamebana, lakini yamebana mlango mmoja tu, wake. Watu wamekaa, wamepanga, wamecheka, wamemkata kama unavyokata uzi uliozidi kwenye pindo. Na kumjua aliyeshika mkasi hakukuhitaji mpiga ramli: ni yule msusi. Mdogo wake asingethubutu. Yule ni mtu wa "ndiyo Dada" tangu alipokuwa anafungwa viatu. Mama je? Mama angepakiwa garini na kuambiwa Kengele anakuja baadaye. Na wamechagua chumba gani? Cha upande wa upepo! Chumba alichokitafuta yeye, kwa miguu yake, mwaka wa kwanza, akihangaika mji mzima na jua la kupasua kichwa!

"Wape harusi," akasema.

"Vyote?"

"Vyote. Sisi hatuji."

"Na mama yenu jamani, si atasikitika?"

"Mama hana neno. Wape harusi, na bibi harusi mwambie nimempa hongera."

Alitoka stoo amepona kabisa. Mchana huo alikula akaongeza. Aliiona picha yote kama yuko pale: gari linaingia jioni, watoto wamechoka wanalia, nyumba nzima ngoma na vigelegele, msusi kavimba, fundi anajikuna kisogo. Halafu simu inaita. "Dada, tusaidie." Na yeye anaiacha iite kidogo. Anasema, "Kwani hayakubana?" Kisha, wakishaonja, anawatafutia pa kulala, maana mji ule aliujua uchochoro kwa uchochoro. Wangemshukuru. Mwakani asingeachwa tena, wangeogopa. Ilimjia mara moja sura ya mama amesimama vumbini na miguu yake inayovimba, akaisukuma kando. Haitakuwa kwa muda mrefu, alijiambia.

Alhamisi akavaa gauni la kutokea akaenda saluni kwa wifi yake. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimenyolewa, hakuna msusi duniani angepata pa kushika. Alikwenda kumwangalia tu, kama unavyomwangalia kuku unayejua kesho yake.

Msusi alikuwa na mteja katikati ya magoti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima.

"Karibu, wifi. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuwapa pole. Si mlisema mambo yamebana."

"Wee acha tu, wifi. Yamebana haswa."

"Poleni. Na joto lenyewe hili. Wenzetu saa hizi wanafunga mabegi ya pwani."

Mikono ya msusi haikusimama. "Wenye bahati yao."

"Hivi ungekwenda wewe, ungelala mpaka saa ngapi?"

"Mimi?" Msusi akavuta nywele, mteja akaguna. "Mimi ningelala mpaka mwili wenyewe useme basi. Ukishasema basi, nageuka upande wa pili."

Mteja akacheka. Kengele hakucheka. Nyuma ya mlango, chini ya taulo, aliona boya la watoto la kuogelea, jipya, la njano, na limeshajazwa upepo. Nani kwa akili zake anajaza boya kabla ya safari? Litakula nafasi ya mizigo yote! Ulimi ulimwasha.

"Boya la nini hilo?"

"La mtoto. Analichezea."

"Analichezea wapi? Kwenye beseni?"

"Jamani, wifi! Hata boya nalo lina ratiba?"

"Ratiba ndiyo iliyowafikisha nyinyi pwani miaka yote."

"Ratiba ndiyo iliyotufikisha," msusi akasema polepole, "na ndiyo iliyotufanya tuhesabu siku za kurudi. Una lako jambo wewe. Litoe tulisikie."

"Sina jambo. Ila nakuambia hivi: mtu akitaka kumtoa mwenzake kwenye familia yake, akumbuke na yeye alikuja na sanduku moja."

Hapo ndipo mikono ilipotulia. Mteja aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu sakafuni.

"Sanduku langu ninalo bado, wifi," msusi akasema. "Na siku nitakayolifunga, nitalifunga saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai."

Kengele aliondoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anacheka peke yake kwa hasira. Chai! Kesho utakunywa chai ya harusini, mwanakwetu.

Ijumaa saa nane na kitu mchana, wasichana wa mtihani wakiwa wamelala bwenini kwa amri, Kengele akasikia hodi kwenye nyumba yake ndogo kando ya mabweni, inayotazama uwanja mpaka getini. Alikuwa mama yake, peke yake, na kichwani amevaa ile kofia ya ukindu.

"Shikamoo, mama! Umekujaje huku?"

"Marahaba, mwanangu. Mdogo wako kanishusha getini. Nimekuja kukuona."

Mama aliketi kwenye kiti cha karibu na dirisha. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzito wa miguu, mpole. Miaka yote ya kuwalea aliuza mboga sokoni, akitoka nyumbani gizani kuwahi malori, na hata leo akikaa hukaa kwenye ukingo wa kiti, kama anayetaka kuinuka. Alikunywa maji aliyopewa. Akaangalia chumba, kitanda kilichotandikwa kwa kuvutwa shuka mpaka likalia, viatu vimepangwa sambamba na ukuta.

"Enhe," akasema. "Niambie. Hakuna jipya?"

"La hapa? Hakuna."

"Hakuna hata moja?"

Alisubiri. Alisubiri sana, amekumbatia bilauri, na macho yake yalikuwa kama ya mtu anayemtazama mtoto akivuka mtaro. Kengele angeyasoma macho yale angejiokoa. Lakini alikuwa na jambo lake rohoni tangu Jumatano, limeiva, na hakuwa amepata wa kumwonyesha.

"Mama, hawa watoto wako wananizunguka!" akalipuka. "Wanaenda pwani leo, mama, na wewe wamekuchukua, na mimi wameniambia mambo yamebana. Mimi! Wakadhani ni mjinga. Mwenye nyumba alinipigia akanieleza kila kitu. Nimewakomesha. Nimemwambia vyumba vyote awape watu wa harusi."

Mama alivua kofia akaiweka mapajani.

"Lini ulimwambia?"

"Jumatano."

"Leo Ijumaa. Kwa hiyo ungetuacha tufike."

"Ningewapatia pengine, mama! Mngenipigia tu simu."

"Tungekupigia. Tukiwa barabarani na watoto wanalia, na mimi na miguu yangu hii."

"Sikukulenga wewe! Nilimlenga yule msusi. Ndiye aliyenitoa."

"Nimekutoa mimi," mama akasema.

Kengele akamtazama kama hakusikia vizuri.

"Msusi wa watu hakusema neno la kukutoa. Nilimwambia mdogo wako mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nikamwambia mwaka huu nataka nikalale. Mimi nimeamka gizani tangu wewe uko mgongoni, mwanangu, mvua inanyesha, homa ninayo, naamka. Sasa nimezeeka, mnanipeleka baharini kupumzika, na naamshwa gizani na mtoto wangu wa kumzaa. Nakalishwa kwenye kiti, navalishwa kofia. Miaka yote hii sijawahi kuisikia bahari. Nakusikia wewe."

Kengele aliinama akapanga viatu vilivyokuwa vimepangwa tayari. Mama akaendelea.

"Mdogo wako akasema, mama, Dada atajua tu, yule mwenye nyumba lazima atampigia, na akijua atavuruga. Basi tuweke pale vyumba vya kuvunjwa. Tumpe Dada kitu akivunje, akishakivunja atatulia. Nilimgombeza! Nilimwambia dada yako ana mdomo, lakini hana roho hiyo. Tukabishana mpaka mkewe akatuamulia. Mwisho nikasema, haya, weka. Lakini Ijumaa nitakwenda kwake mwenyewe. Nikikuta vyumba bado vipo, maana yake amejua, imemuuma, na amemeza. Mtu anayeweza kumeza hilo anaweza kunyamaza wiki moja pwani, na huyo nitamshika mkono nimtie garini. Kiti chako kiko wazi mpaka sasa hivi."

"Mmenipima," Kengele akasema. "Mmenipima kama mwanafunzi."

"Tumekupima. Na kofia hii nilikuwa nimeivaa ili ufurahi. Inaniwasha tangu siku uliyoinunua."

Nje, mbali, mtoto mmoja alicheka, na mlango wa gari ukafungwa. Kengele aliinuka, akakaa, akainuka tena. Hasira ilikuwepo bado, lakini haikuwa na pa kwenda. Alimchukia mdogo wake kwa kumjua vile. Tangu lini yule wa kufungwa viatu akawa na akili ya kumtegea mtu?

"Na sasa mtalala wapi?" akauliza. "Vyumba hakuna. Mji wote umejaa, ni likizo. Mama, ngoja nipige simu, kuna nyumba moja nyuma ya..."

"Tunavyo vya akiba."

Kengele alisimama pale pale alipokuwa.

"Pa kwanza pakiharibika, unahama kama hujasikia kitu," mama akasema. "Si ndivyo ulivyotufundisha? Hata wale wajukuu zangu wanajua."

"Wapi?"

"Sitakwambia."

"Mama, niambie jina tu. Niwaulize kama chumba kinapata upepo. Hamjui kuuliza nyinyi, watawapa cha juu ya jikoni..."

"Kikiwa juu ya jikoni nitanusa chakula."

"Na vyandarua? Mmebeba kamba?"

Honi ililia nje, fupi, ya adabu. Kengele akachungulia dirishani, na hata katika hali ile hakuweza kujizuia.

"Mnaondoka saa hizi? Mchana huu? Na jua hili?"

"Tuliamka saa tatu," mama akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilainika kidogo, si kwa Kengele, kwa ile saa tatu. Akashika ukingo wa meza akainuka. Kengele alitaka kumshika kiwiko, mama akakitoa, bila ukali, kama mtu aliyekwisha kujua kutembea. Mlangoni akageuka.

"Nilibishana na mwanangu kwa ajili yako," akasema. "Sasa itabidi nimwombe radhi, njia nzima."

Akatoka.

Kofia ilibaki kitini. Kengele aliiona, akaichukua, akakimbilia dirishani nayo, na jina la mama lilikuwa tayari ulimini. Jua lilikuwa la kupasua mawe. Mama alikuwa anakata uwanja taratibu, kichwa wazi, mvi zake zote nje, hajifichi na mkono wala hatafuti kivuli. Angeita tu, "Mama, kofia!" Ni jambo la kawaida, mtoto yeyote angeita. Lakini haikusahauliwa kofia ile, na alilijua hilo. Akaubana mdomo.

Getini gari lilikuwa limefunguliwa milango yote. Fundi alisimama kando, akamtazama mama akija peke yake, akainamisha kichwa. Hakushangilia. Kengele angependa angeshangilia, angepata wa kumtukana. Msusi alikuwa ndani, na pembeni yake, karibu na dirisha, palikuwa na kiti kitupu, kimefutwa, hakijawekewa hata mfuko. Mama aliinama akasema neno moja. Msusi alikaa kidogo, akanyoosha mkono nyuma, akavuta lile boya la njano, akaliweka pale kwenye kiti.

Gari likaondoka. Kengele alibaki dirishani na kofia mkononi, na kichwa chake, kwa mazoea tu, kikaanza kupiga hesabu ya maji. Wiki ya pili ndiyo yanayojaa alfajiri. Hii ni ya kwanza. Wiki hii asubuhi bahari inakuwa mbali, na mchana inajaa. Watu watakaoamka saa nne, wakanywa chai, wakageuka upande wa pili, wakitoka nje wataikuta mlangoni inawasubiri. Alirudia hesabu, akitafuta kosa. Hakuliona. Hakukuwa na kitu cha kuwaonya.

Saa kumi ilifika, na kengele ya kuwaamsha wasichana ilikuwa mezani, mbele yake. Hakuigusa. Walilala mpaka walipoamka wenyewe.